Dereva Hagusi Mnyororo

Yadi ile ya kuuza matrekta ilikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani, na hakuna aliyejisumbua nazo: usivute sigara karibu na mafuta, vaa kofia ngumu, usilale chini ya trela. Sheria moja haikuandikwa popote, na ndiyo iliyoheshimiwa kuliko zote. Dereva hagusi mnyororo. Aliyeitunga alikuwa mfungaji wa matrekta juu ya trela, mwanamume mfupi wa mabega mapana, aliyeitwa Nanga mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Sheria hiyo ilikuja kuleta msiba, na aliyeulipia hakuwa yeye. Lakini tuanzie nyuma kidogo, maana mtu haamki asubuhi moja akajikuta na kiburi. Kiburi hulelewa, na chake kililelewa na yadi nzima.

Alifika pale akiwa kijana wa kuosha matope. Enzi hizo matrekta yalifungwa kwa kamba, na baada ya kamba, kwa dua. Siku moja trekta lilianguka kutoka kwenye trela kabla hata lori halijatoka getini, likalala ubavu mbele ya wateja waliokuja kununua. Mfungaji wa wakati huo alichukua koti lake akaondoka bila kuaga. Nanga, aliyekuwa ameshika mpira wa maji, akasema yeye angelifunga lisianguke. Walicheka, kisha wakampa minyororo kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Miaka yote ya kuosha matope alikuwa amelijua trekta kila pembe, chini na juu, akajua mahali pa kulishika na mahali pa kuliacha. Ngazi si mahali pa kulishika, bomba la moshi ndiyo kabisa. Hushikwa kwenye ekseli na kwenye fremu, kule kwenye mifupa. Aliwaambia wageni wa kazi kwamba trela likisimama ghafla, trekta halina habari. Lenyewe linaendelea na safari. Ndiyo maana minyororo ya nyuma hulivuta nyuma lisije mbele kwa dereva, na ya mbele hulivuta mbele lisirudi barabarani. Kabari za mbao chini ya magurudumu, breki ya mkono juu, na plau, kama lipo, lishushwe likae juu ya ubao na lifungwe mnyororo wake peke yake. Akimaliza alizunguka na nyundo, akiugonga kila mnyororo na kuinamisha sikio. Uliokaza hutoa sauti kali. Uliolegea hunung'unika.

Kwa miaka mingi hakuna alichokifunga kikaanguka. Mpakizi mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akasema mzee huyu akikifunga kitu kimetia nanga, na jina likakaa. Akalipenda, akalivaa kila siku, hata sikukuu.

Sasa, yadi nyingine zina desturi nzuri: dereva akishatoka, husimama mahali karibu akaikagua minyororo, maana mzigo ukitikisika hujipanga upya, na mnyororo uliokuwa umekaza hubaki na nafasi. Hakuna aibu ndani yake. Lakini dereva mmoja wa pale alipofanya hivyo, akaongeza mzunguko mmoja wa kikazio na kurudi akijisifu, Nanga alimuuliza mbele ya watu, "Umenipima?" Yule akadhani ni mzaha, akacheka. Msimu mzima wa kulima Nanga hakuitikia salamu yake wala hakulifunga lori lake, akamwachia wafungaji wa kubahatisha. Mwishowe dereva akaenda kubeba mchanga kwingine. Waliobaki walielewa somo. Tangu hapo wakabidhiwapo mzigo walishukuru, wakapanda, wakaondoka. Mtu akikaguliwa hadharani ni sawa na kuvuliwa nguo, ndivyo alivyosema, na watu wazima na akili zao wakakubali.

Alikuwa na binti mmoja. Mama yake alifariki mapema, Nanga akamlea mwenyewe, akajifunza kusuka nywele kwa vidole vilivyozoea ndoano za chuma. Binti alikua na adabu hata majirani wakamwonea wivu: hamkatizi baba maneno, hampiti mbele bila kuomba njia. Alipoolewa, aliolewa na dereva wa yadi ileile, kijana mrefu wa maneno machache aliyebatizwa jina la Taratibu kwa namna alivyoendesha. Wenzake walimtania kwamba konokono wakimwona wanampigia honi apishe njia. Nanga alifurahi, ingawa furaha yake ilikuwa ya kununa.

Taratibu alimheshimu mkwewe kupita kiasi, kama heshima ina kiasi. Hakuketi kabla mzee hajaketi. Alizima redio mzee akiingia. Hata kutafuna mbele yake aliona haya. Siku moja alimeza ubani mzima kwa sababu mlango ulifunguliwa ghafla. Mkewe alimcheka mpaka machozi yakamtoka. Yeye akasema mkwe ni mkwe, huwezi kumzoea kama kiti.

Siku yenyewe mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na wakulima walikuwa wanapiga simu tangu asubuhi. Mvua ingenyesha na matrekta yako yadini. Msimamizi, mtu wa haraka asiyekaa na wazo mpaka likapoa, aliamua matrekta mawili yaende juu ya trela moja. La mbele lilikuwa la mitumba na lilikuwa na plau mgongoni. Plau likishushwa, la pili halienei. Likiinuliwa juu, pua ya la pili inaingia chini yake na mlango wa trela unafungika.

Nanga alilizunguka trela akilitazama lile plau. Plau likiwa juu linashikiliwa na mikono inayosukumwa na mafuta, na mafuta ya trekta kuukuu huvuja ndani kwa ndani, polepole, mpaka plau likashuka lenyewe. Njia ya kuifikia ekseli ya nyuma ilikuwa imezibwa na trekta la pili, kwa hiyo minyororo ya nyuma ingebidi ipite juu ya lile plau. Plau likishuka, minyororo inalegea. Hili halikuwa fumbo kwake. Ni yeye aliyezoea kuwaambia wageni wa kazi: usifunge juu ya kitu kinachoshikiliwa na mafuta, mafuta hayana uaminifu.

Angeweza kusema plau livuliwe lisafirishwe peke yake. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, basi. Lakini msimamizi alikuwa ameshauliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "Vipi, mzee, unaweza au nimtafute mwingine?" Madereva wakageuka. Taratibu alikuwa kati yao, ameshika funguo, anatazama viatu vyake.

"Nanga hashindwi na plau," akasema.

Akafunga. Alifunga vizuri, hilo tusimnyime. Alikaza vikazio mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akagonga kwa nyundo, na minyororo yote ikatoa sauti kali. Dakika ile hapakuwa na kosa. Tatizo la kazi ya kufunga ni kwamba dakika ile haitoshi.

Aliamua kwenda na mzigo mwenyewe, kwa maelezo kwamba kule shambani hakuna anayejua kuushusha. Labda ilikuwa kweli. Labda moyo ulikuwa unamvuta akae karibu na alichokifanya. Taratibu alifuta vumbi la kiti cha utingo kwa kitambaa chake, mzee akapanda, kijana akazima redio. Kabla hawajatoka mkewe alipiga simu, akaambiwa wanasafiri wote wawili. Sauti yake ikasikika kabini nzima: "Uko na baba? Basi leo sina wasiwasi hata kidogo."

Barabara ilikuwa tambarare na joto lilikuwa limetulia juu yake bila upepo. Hakuna aliyezungumza sana. Nanga aliulizia afya ya wazazi wa mkwewe, akajibiwa hawajambo. Mkwewe akaulizia goti la mzee, akajibiwa linaendelea. Kwenye kioo cha pembeni Nanga aliliona plau limesimama hewani na nyuma yake wingu jeusi. Alijilazimisha kutazama mbele. Alipotazama tena, alihisi plau limeshuka. Akajiambia ni mtikisiko wa kioo.

Kwenye tuta la kwanza la kijiji walichopita, kitu kiligonga sakafu ya trela nyuma yao. Ko. Sauti ndogo tu, kama mtu aliyebisha hodi kwa kidole kimoja. Mkono wa Taratibu ulikaza kwenye usukani, kisha ukalegea. Nanga akakohoa bila kikohozi.

Tuta la pili: ko, ko.

Mtu aliyetumia maisha yake akisikiliza minyororo haihitaji kuambiwa. Mnyororo wa nyuma ulikuwa umelegea kiasi cha kugusa sakafu. Trekta lilikuwa bado limesimama kwa sababu ya kabari na breki ya mkono, na kwa sababu huyu Taratibu aliendesha kama amebeba mayai. Mbele yao, mbali lakini si mbali sana, kulikuwa na mteremko ambao kila dereva wa njia ile aliujua, na chini yake daraja jembamba. Nanga alihesabu yote hayo kichwani. Alijua neno la kusema. Lilikuwa neno moja fupi, simama, na mtoto mdogo angeweza kulitamka. Lakini akawaza kitakachofuata. Angeshuka mbele ya mkwewe, aushike mnyororo wake mwenyewe uliolegea, na kuukaza huku kijana anatazama. Jioni yadi nzima ingekuwa inajua, au hata isingejua, kijana angejua.

Taratibu naye alikuwa amesikia. Kwa nini asisikie, ana masikio. Lakini dereva hagusi mnyororo, na zaidi ya hapo mkwe hamwambii mkwewe kazi yako imelegea. Akatafuta mlango wa pembeni. Kituo cha mafuta kilipoonekana, kikubwa, kina kivuli na nafasi ya malori kusimama, alipunguza mwendo mpaka lori likawa linatambaa.

"Baba," akasema, macho barabarani, "huna kiu? Tungeweza kusimama kidogo upate maji."

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Maisha yote ya mtu yule yaliingia ndani ya swali lile la maji. Kijana alikuwa amemfungulia mlango kwa adabu zote, hakutaja mnyororo, hakutaja kelele, alimwachia kila kitu chake. Angesema ndiyo, angeshuka, angezunguka nyuma kwa kisingizio cha kunyoosha goti, angekaza, wangeendelea, na wasingelizungumzia mpaka kufa. Lakini Nanga alilisikia swali la pili lililokuwa chini ya lile la kwanza, na likamchoma. Alijiona anapimwa.

"Sina kiu," akasema. "Endesha."

Taratibu akasema, "Haya, baba." Kituo cha mafuta kikapita upande wa kushoto, watu wawili wakiwa wameketi kwenye kivuli chake wakinywa soda.

Ko. Ko. Sasa haikungoja matuta, kila kijiwe kiliichokoza. Nanga alianza kuzungumza, yeye asiyependa mazungumzo. Alieleza bei ya mbolea, alieleza jirani yake aliyejenga ukuta ukapinda, alicheka peke yake. Mkwewe aliitikia kila sentensi. Wote wawili walikuwa wanazungumza ili wasisikie, na wote wawili walikuwa wanasikia.

Mteremko ulipokaribia, hofu hatimaye ilikishinda kiburi. Nanga alijikaza kisabuni na kupanga maneno yake: angesema amebanwa na mkojo. Pale juu, kabla barabara haijainama, palikuwa na uwanja mdogo ambapo malori husimama kupoza breki. Angesema wakifika pale. Walipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Lori jingine lilikuwa limeharibika katikati yake, mizigo yake imeshushwa chini na watu wamelala juu ya magunia. Nanga akafikiri, mbele kidogo. Mbele kidogo barabara ikainama.

"Simama," akasema. "Simama nijisaidie."

Kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti wa mzee, Taratibu alimjibu bila kumwita baba.

"Nikisimama hapa trekta linakuja."

Alisema bila ukali, kama anavyosema mtu aliyeshapiga hesabu zamani na akawa anangoja mwenzake amalize zake. Aliweka gia ndogo, akaiacha injini ilishike lori, miguu yake mbali na breki. Wakaanza kushuka. Nanga alishika dashibodi kwa mikono miwili. Nyuma yao kabari moja iliteleza, akaisikia, halafu chuma kizito kikasogea kidogo na kutulia. Taratibu hakutazama kioo. Alikuwa ananong'ona, na Nanga alidhani anasali, kumbe analibembeleza lori: polepole, polepole, hivyohivyo.

Na lori lilikubali, hilo ndilo linaloumiza. Lilikubali mpaka karibu na mwisho. Wangefika chini salama kama daraja lingekuwa tupu, lakini katikati ya daraja palikuwa na mkokoteni wa madumu ya maji, na mwenye mkokoteni ameinama anaokota dumu lililoanguka. Taratibu alipiga honi. Yule mtu akainua kichwa na kuganda. Hapakuwa na njia nyingine tena. Taratibu alikanyaga breki na kukata usukani kushoto, kwenye ukingo wa udongo.

Mfungaji yeyote anajua kwamba lori likikata kushoto mzigo hukimbilia kulia. Dereva mzuri pia anajua. Na upande wa kulia ndiko alikoketi dereva.

Nanga alitolewa kabini akiwa na mchubuko wa paji la uso. Mwenye mkokoteni hakuguswa. Taratibu walimtoa jua likiwa limeshaelekea upande wa pili wa bonde, kwa mtalimbo na misumeno, na muda wote huo hakupiga kelele, aliuliza mara mbili tu kama baba ameumia.

Hospitalini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Kuhusu wa kushoto madaktari walikuwa bado wanashauriana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, akaambiwa endesha, akaendesha.

Maneno yalianza kabla damu haijakauka. Msimamizi alisema dereva alikimbiza gari. Waliokuja kupima barabara wakakuta alama za breki, wakasema vilevile. Yadini watu walioshinda wakimtania kwa uzito wake wa mwendo sasa walitikisa vichwa: mteremko ule hautaki papara. Taratibu mwenyewe alipoulizwa alisema breki zilimshinda, akageukia ukutani. Nanga hakuulizwa kitu. Wenzake walikuja kumpa pole, wakamshika mabega, wakamwambia afadhali Mungu amemnusuru, na kwamba hakuna aliyewahi kufunga kama yeye. Aliitikia asante. Kila asante ilifanya ya pili iwe rahisi zaidi. Angeweza kuishi hivyo. Alianza kuona namna ambavyo angeweza kuishi hivyo, na hilo lilimtisha kuliko mteremko.

Siku moja mchana, saa ya kutazama wagonjwa, alikaa kwenye benchi karibu na dirisha la wodi huku binti yake akimlisha mumewe uji kwa kijiko. Binti alikuwa amekonda. Alikuwa na hasira pia, hasira ya mtu aliyechoka, na haikuwa na pa kwenda ila kwa huyo aliyelala mbele yake.

"Nani alikutuma ukimbize?" akamwambia mumewe. "Wewe hujawahi kukimbiza hata baiskeli. Na baba amekaa pembeni yako. Ungekwenda polepole baba angesikia kama kuna kitu kimelegea, angekwambia usimame. Baba anasikia mnyororo kutoka ng'ambo ya yadi. Hukumpa hata nafasi ya kusikia."

Taratibu alimeza uji. Aliinua macho kidogo kwa mkwewe, kisha akayashusha haraka, kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumba cha mtu bila kubisha. Hata pale, akiwa nusu ya alivyokuwa, alikuwa bado anamfungulia mlango atoke.

Nanga akasimama. Goti lilimuuma.

"Nilisikia," akasema.

Binti akageuka na kijiko mkononi.

"Nilisikia tangu tuta la kwanza. Mumeo naye alisikia, akaniuliza kama nina kiu. Nikamwambia aendeshe."

Alingoja apigiwe kelele. Alikuwa anazihitaji. Lakini alikuwa amemlea vizuri mno. Binti aliweka kijiko ndani ya bakuli, akamfuta mumewe mdomo, akasimama. Alimtangulia baba yake mpaka mlangoni, akaufungua, akasogea pembeni na kuinamisha kichwa, kama anavyosindikizwa mgeni ambaye ziara yake imekwisha.

"Karibu tena, mzee," akasema.

Nanga akatoka, mlango ukafungwa polepole nyuma yake.